Pikipiki Iliyolala Miaka Minne Imeamka: Yale Tuliyojifunza Chini ya Mwembe

Tangu juma lililopita wengi wenu mmetusimamisha njiani, sokoni na mbele ya kanisa mkiuliza: ile pikipiki ya zamani iliyokuwa inalaza kuku, ni kweli inatembea? Ndiyo, inatembea. Leo tunawaeleza jinsi ilivyoamka, feza iliyoingia, makosa tuliyofanya, na yale ambayo kikundi kingine kinaweza kufuata bila kupita kwenye makosa hayo.

Sababu ya kuanza

Kamina yetu ni mji wa treni. Njia ya Lubumbashi, ya Ilebo na ya upande wa Kalemie zote zinakutana hapa. Lakini treni haiingii kwenye kata, wala haiji kumchukua mama mwenye uchungu saa nane ya usiku. Mwaka jana, katika miezi ya mvua, mwenzetu mmoja alishikwa na uchungu usiku. Bwana yake alimpandisha kwenye kinga, akaisukuma kwenye mchanga uliolowa, sisi wawili tukifuata nyuma na taa ya simu. Tulifika maternite mama amechoka kabisa, mtoto naye hakulia upesi. Mungu alisaidia, wote wawili wako hai. Ila mkunga alitutazama akasema: “Wamama, mngefika mapema kidogo tusingeogopa hivi.”

Neno hilo tulirudi nalo kwenye mkutano. Kununua pikipiki mpya kungemeza likelemba yetu yote na bado isingetosha. Ndipo mmoja wetu, mjane, akasema polepole: “Ile ya baba watoto bado iko nyuma ya jiko.”

Tulikwenda kuiangalia. Ilikuwa Yamaha AG100, ile ambayo wengi wetu tuliijua tangu utoto, kwa kuwa wachanjaji, mapadri na wataalamu wa kilimo walikuwa wanaipanda. Kiwanda kiliitengeneza tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya wakulima, na herufi AG zinatoka kwenye neno la kilimo. Ina kibebeo mbele na nyuma, na shaineti yake imefunikwa ndani ya sanduku ili mchanga na matope visiingie. Marehemu aliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Tangu alipofariki, miaka minne ilikuwa imepita bila mtu kuigusa. Pinee zilikuwa zimepasuka, kiti kimeliwa na panya, na kuku alikuwa ametaga kwenye kibebeo cha nyuma. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekuja mara mbili akitaka kuipima kwa kilo. Mama alikataa mara zote mbili.

Kwanza makaratasi

Kabla ya kushika kle, tuliuliza: pikipiki hii ni ya nani? Shemeji za mjane walikuwa wanasema ni chuma cha ndugu yao. Wamama, jambo hili linawagusa wengi, tulitaje wazi. Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza. Wao wanapata robo tatu ya urithi. Sehemu inayobaki inawahusu mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Kwa hiyo ndugu hawawezi kuja peke yao na kubeba kila kitu, na mjane naye hawezi kusema kila kitu ni chake peke yake.

Tuliomba kikao cha familia. Tulikwenda kwa heshima, tukapika bukari na sombe, tukakaa na baba mkubwa wa watoto. Hatukubishana juu ya marehemu. Tulionyesha karte roze ya pikipiki, tukasema kikundi kitakopesha feza za kuitengeneza, pikipiki itabaki mali ya watoto chini ya ulinzi wa mama yao, na mama atarudisha deni kidogo kidogo. Tuliandika karatasi moja na wote wakaweka sahihi. Baba mkubwa alipomaliza kuandika jina lake alisema: “Mkiweza kuiamsha, mimi ndiye wa kwanza kupandishwa.” Kutoka siku hiyo hatukusikia tena neno la ugomvi.

Kisha tukajiwekea mpaka. Tulikubaliana dola 150, si zaidi. Ikipita hapo, tunaacha. Chuma cha zamani kinaweza kula feza ya masomo ya watoto bila mtu kuona, leo kitu kidogo, kesho kingine.

Tuliangalia kabla ya kununua

Mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya treni, ambaye sasa amepumzika, alikubali kutusaidia. Tulitaka kukimbia kununua vipuri siku ile ile. Alitukatalia. “Mashini haifi yote mara moja,” alisema. “Tafuteni kinachokosa. Moteri inataka vitu vitatu: esansi na hewa, cheche, na pumzi ya kubana. Tutaviangalia kimoja kimoja.”

Basi kila siku ya posho, baada ya soko, tulikutana chini ya mwembe. Mbabula ilizimwa na kupelekwa mbali, watoto wadogo walikaa upande wa pili wa kiwanja, na mmoja wetu alikuwa na kazi ya kuandika kwenye kaye kila kitu kilichofunguliwa na mahali kilipotoka. Nuti tulizipanga kwenye sahani ya plastiki kwa mstari, jinsi zilivyotoka. Kazi hiyo ya kaye ilituokoa mara nyingi kuliko kle.

Pumzi. Kiki haikushuka kabisa. Pistoni ilikuwa imeganda. Kijana mmoja alitaka kuirukia kwa miguu miwili, na mzee akamzuia, kwa sababu hapo ndipo watu wanavunja kiki na segma. Tulifungua buji, tukamimina kijiko cha mafuta ya moteri yaliyochanganywa na mazuti kidogo, tukaacha siku mbili. Kisha tukaweka vitesi ya juu, tukasukuma pikipiki mbele na nyuma taratibu. Mara ya kwanza hakuna kitu. Tukaongeza kijiko kingine, tukaacha siku moja tena. Jioni yake gurudumu lilizunguka na pistoni ikasogea. Tulipiga vigelegele mpaka jirani akatoka kuuliza nani ameolewa.

Cheche. Buji ilikuwa nyeusi na imelowa. Tulinunua mpya, tukaiegemeza kwenye chuma cha moteri, tukapiga kiki kwenye kivuli ili tuone. Cheche ilikuja ya manjano, dhaifu, halafu ikapotea. Tulidhani bobini imekufa, na bobini ni ghali. Mzee alifuata waya kwa vidole mpaka akafika mahali panya alipokuwa ameng’ata, na kofia ya buji ndani ilikuwa kutu tupu. Tuliunga waya, tukaweka kofia mpya, tukakwangua mahali waya wa chini unaposhika kwenye chuma. Cheche ikawa ya buluu. Bobini tuliyokuwa tunaililia ilikuwa nzima. Betri hatukununua hapo mwanzo, kwa kuwa pikipiki ya aina hii inawaka kwa kiki bila betri.

Esansi na hewa. Tanki lilinuka kama rangi ya zamani. Esansi iliyokaa miaka inageuka kuwa gundi. Tuliimwaga mbali na kisima na bustani, tukaweka nuti za zamani na maji ya sabuni ndani ya tanki, tukalitikisa kwa zamu mpaka kutu ikatoka, tukalisuuza, tukalianika juani siku nzima. Tulipofungua kabirateri, chini yake kulikuwa na ute wa kijani na tundu dogo la esansi limezibwa kabisa. Hapa wamama tusikilizane: msitumie sindano. Sindano inapanua tundu, na tundu likipanuka pikipiki itakunywa esansi maisha yake yote. Tuliloweka vipande vyote katika esansi safi usiku mzima, halafu tukapuliza kwa pompi ya kinga. Chujio la hewa lilivunjika mkononi kama keki kavu, basi tukanunua jingine.

Moteri hii ni ya aina inayochoma mafuta pamoja na esansi. Ina tanki dogo la mafuta pembeni, na pompi ndogo inayoyapeleka kwenye moteri. Mafuta yakikosekana, pistoni inaungua na kushika. Bomba la mafuta lilikuwa limejaa hewa. Tulilegeza skrubu ya pompi mpaka mafuta yakatoka bila mapovu. Kwa usalama, katika esansi ya kwanza tulichanganya mafuta pia, mililita 50 kwa kila litri moja, mpaka tuone kwa macho kwamba pompi inafanya kazi. Mafuta ya vitesi ni mengine na yanakaa mahali pengine. Hayo tuliyamwaga yote, tukaweka mapya.

Siku iliyotuogopesha

Siku ya posho ya tano tulifunga kila kitu. Tulipiga kiki mara kumi na mbili. Ya kumi na tatu, ikawaka! Lakini furaha yetu haikumaliza dakika moja. Moteri ilianza kulia kwa sauti ya juu, ikapanda na kupanda, hata gazi lilipofungwa. Ufunguo ulizungushwa, haikusikia. Watoto walikimbia. Mzee alichukua kitambaa kinene, akaziba mdomo wa kabirateri kwa nguvu, moteri ikasonga na kuzima.

Tulinyamaza wote. Mzee alikaa kwenye kigoda, akatueleza. Ndani ya moteri, kwenye ncha mbili za chuma kinachozunguka, kuna mipira ya kuziba ambayo mafundi wanaiita spi. Pikipiki ikilala miaka, spi zinakauka na kupasuka. Hewa inaingia mahali isipotakiwa, esansi inakuwa kidogo kuliko hewa, na moteri inakimbia na kuchemka mpaka inajiua. “Kosa ni langu,” alisema. “Nilipaswa kuziangalia kabla ya kiki ya kwanza.”

Siku hiyo tulikuwa tumekwisha kutumia dola 95. Spi zilipaswa kutoka Lubumbashi, na mzee hakuweza kutuahidi kwamba ndani hatutakuta ubaya mwingine. Mkutano wa jioni ile ulikuwa mgumu. Mama mmoja alisema wazi: “Tulisema tusitupe feza. Mtoto wangu anangoja minervali. Leo ni spi, kesho itakuwa nini?” Hakukosea. Mwingine akajibu kwamba mpaka tuliouweka bado hatujaufikia, na mpaka unawekwa ili watu wasigombane kabla ya kuufika. Tulipiga kura. Tisa waliinua mkono kuendelea, saba walikataa. Mwenye pikipiki hakuinua mkono upande wowote. Alikuwa anaangalia chini tu.

Spi zilifika baada ya majuma mawili. Mzee na kijana wake walifungua upande mmoja, kisha mwingine. Ndani kulikuwa kuzuri. Shaineti nayo, kwa kuwa ililala ndani ya sanduku lake, ilikuwa na mafuta bado. Walipofunga, tulipiga kiki mara nne. Ikawaka, ikalia kidogo, ikashuka, ikatulia. Puu, puu, puu, na moshi mweupe wa mafuta ya zamani. Tuliiacha iungurume nje mahali penye hewa, maana moshi wa moteri ndani ya nyumba unaua watu kimya kimya.

Ndipo mjane akasogea, akaweka mkono juu ya tanki, akawaambia watoto wake: “Sikilizeni. Hii ndiyo sauti mliyokuwa mnaikimbilia barabarani.” Wengine wetu tuligeuka upande ili kufuta macho.

Hesabu yetu

Tunaiweka hapa yote, kwa sababu ni feza ya wanachama:

Buji na kofia yake: dola 6
Pinee mbili na shambrayeri zake: dola 52
Chujio la hewa: dola 5
Waya za freni na ambriyaji: dola 9
Vipuri vya kabirateri na joenti: dola 11
Mafuta ya moteri na ya vitesi: dola 12
Spi na joenti zake: dola 14
Kusafirisha kutoka Lubumbashi: dola 3
Zawadi ya kazi kwa mzee na kijana wake: dola 30

Jumla ni dola 142. Zilibaki 8, zikarudi kwenye kasha. Viatu vya freni hatukununua. Tulivisugua kwa karatasi ya msasa, tukafuta vumbi ndani ya gurudumu, na vinashika vizuri. Mama aliyepinga kwenye kura ndiye anayeshika kaye ya deni sasa, na hakuna anayemficha kitu.

Wengine walijifunza kabla yetu

Somo hili si la Kamina peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mwingereza Barry Coleman na mshindanaji wa pikipiki wa Marekani, Randy Mamola, walifika Somalia, wakakuta pikipiki za kazi ya afya zimetupwa. Nyingi zilikuwa zimekosa matengenezo madogo tu. Kutokana na hayo kilizaliwa chama cha Riders for Health, kilichofanya kazi Lesotho, Zimbabwe, Gambia na nchi nyingine. Kiliwafundisha wafanyakazi wa afya, wanawake kwa wanaume, kukagua pikipiki zao kila siku kabla ya kuondoka. Mzee wetu hajawahi kusikia chama hicho, lakini anasema vilevile: pikipiki nyingi zinauawa na mambo madogo ambayo hakuna aliyepewa kazi ya kuyaangalia.

Kwa hiyo msichana wetu anayeendesha, binti wa mmoja wetu, ana mambo matano ya kila asubuhi. Anaangalia esansi na kuhakikisha haivuji. Anaangalia mafuta kwenye tanki dogo na kwenye vitesi. Anagusa waya na shaineti kuona kama zimelegea. Anapitia nuti zote kwa mkono. Mwisho anajaribu freni kabla ya kutoka kwenye kiwanja. Inachukua dakika tano. Akikosa kukagua, hapandi. Helmeti pia, yeye na anayembeba.

Mambo ya kuangalia nyumbani

Esansi tunayonunua kwenye chupa kando ya njia tunaichuja kwa kitambaa safi kila mara, kwa sababu maji na mchanga ndivyo vinavyoziba kabirateri. Lakini chupa ya maji au ya juisi isikae na esansi ndani ya nyumba. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Na mtu asinyonye esansi kwa mdomo na mpira. Ikiingia kwenye mapafu inaleta ugonjwa mkubwa. Mtoto akiinywa, msimlazimishe kutapika. Mkimbizeni kwa muganga.

Tena pikipiki si ambulansi. Mama anayetoka damu, aliyezimia au mwenye degedege hapakiwi juu yake. Kwa huyo, pikipiki inakwenda mbio kumleta muganga au kuita gari. Mama ambaye uchungu wake ndio unaanza na ana nguvu ya kukaa, huyo tunampeleka, taratibu, mapema, bila kungoja usiku uingie. Na mama ambaye siku zake zimekaribia na anakaa mbali, tunamshauri asogee karibu na maternite kabla ya uchungu.

Mwezi huu pikipiki imefanya safari tatu za namna hiyo. Siku nyingine inabeba mahindi na mafuta ya mawese ya wanachama kutoka sokoni, na malipo yake yanapunguza deni la mjane. Amekwisha kurudisha dola 40. Na baba mkubwa wa watoto alipandishwa wa kwanza, kama alivyoomba, mpaka gari la treni na kurudi.

Wamama, kama nyuma ya jiko lenu kuna pikipiki, cherehani au pompi ya maji iliyolala, msiiuze kwa kilo kabla ya kuifungua. Kaeni na familia, wekeni mpaka wa feza, mtafuteni mzee anayejua, na kaye isikosekane. Kikundi kinachotaka kuona, sisi tuko chini ya mwembe kila siku ya posho baada ya soko. Njooni na maswali, na kitambaa cha kufutia mikono.